Matairi ya Kupewa

Kona ya Kabingo, pale njia ya kutoka kambini inapoingia barabara ya Mbarara, haijawahi kumshinda dereva. Wenye baiskeli huikata wakiwa wamepakia mikungu ya matoke, na bado wanapata nafasi ya kutukanana na wauza mahindi. Lakini asubuhi hiyo Muhire aliuzungusha usukani, na gari likakataa kugeuka. Halikuzima. Injini ilinguruma vizuri tu, ila magurudumu yaliruka na kuburuzika kwa vishindo, kama ng'ombe anayevutwa kwenye josho, na kutoka chini ya viti ikapanda harufu ya mafuta yaliyoungua.

"Mushuke," Muhire alisema bila kugeuza kichwa.

Abiria walishuka na kuku wao na magunia yao. Walikuwa watu wa Juru, upande mmoja wa kambi, wa vijiji vile vile, wote wanajuana.

"Hii ni gari ao ni punda?" mama mmoja aliuliza.

"Punda ukimupiga anaenda," akajibiwa, na kicheko kikazunguka gari lote.

Kantengwa, mwenye gari, alikuwa amekaa mbele. Alicheka pamoja nao, kwa kuwa mtu asipoucheka mzaha unaomlenga ndipo unapomkaa. Kisha alishuka, akasimama upande wa pili ambako hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Shemeki, nilibadilisha breki. Nilibadilisha biringi," Muhire alimwambia kwa sauti ya chini. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, kijana ambaye bado hajaoa. "Sasa sijue tena. Na bageni ba Irakiza tutabaleta na nini?"

Irakiza, binti wa Kantengwa, alikuwa amepata mchumba, Yonatani, kijana wa watu wa kwao waliohamia Kakiika, kule Mbarara. Wazee wa Yonatani walikuwa wamekwisha kutuma salamu: maharage yakivunwa, watakuja kumwomba binti kwa desturi. Gari lingewaleta, hilo ni kweli. Lakini gari lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa nani atakaa kwenye benchi la baba. Kantengwa hakuwa na kaka wala binamu katika kambi nzima ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa na nyumba tatu za kanisani zilizomwambia, siku alipobaki mjane, kwamba yeye ni wa kwao. Ndizo zilizokuwa ukoo wake. Mzee Mutware angesema kwa niaba ya baba. Mama Sidonie angepokea wanawake. Uwizeye angekaa kando ya Mutware, kama kaka.

Gari lilipopoa lilikubali kwenda. Kwenye njia nyoofu lilienda bila neno. Abiria wengine walirudi ndani. Wengine walisema watatembea.

Gereji ya Tumuhairwe ilikuwa kiwanja cha udongo nje kidogo ya mji wa Mbarara, chenye ukuta wa mabati na mti mmoja wa parachichi uliojaa vumbi. Fundi huyo alikuwa Mnyankole mwenye tumbo na subira. Alimsalimia Muhire kwa mkono, akamwita bosi, akamweleza kila kitu yeye. Kantengwa alipewa debe lililogeuzwa akalie. Muhire alipoona haya akasema, "Mwenye gari ni huyu mama," fundi aliangua kicheko, akaomba radhi, kisha akaendelea kumweleza Muhire.

Aliliinua gari, akazungusha kila gurudumu kwa mkono. Yalizunguka yote, mepesi, bila kukwaruza. "Breki haishiki," alisema. Akaingia chini, akatikisa vyuma, akatoka na mgongo mwekundu. "Jointi iko mzima." Akawasha injini, akaingiza gia, akasikiliza. "Gabokisi pia. Sasa zungusha, bosi. Kata usukani mpaka mwisho, achilia mafuta, usikanyage breki."

Muhire alifanya hivyo. Gari lilisogea kidogo, likatetemeka, likasimama lenyewe, kama mtu aliyekanyaga nguo yake.

Fundi alitikisa kichwa, safari hii kwa furaha. Aliingia tena chini, akafungua ile nguzo ndefu ya chuma inayopeleka nguvu nyuma, wanayoiita propela, akaitoa na kuilaza mchangani. "Rudia."

Gari likazunguka kiwanja chote kama mtoto aliyevuliwa viatu vya kubana.

"Ugonjwa iko hapo," Tumuhairwe alisema. "Hii gari inavuta na miguu yote nne, siku zote. Katikati iko na kitu kama sahani za chuma, ndani ya mafuta mazito. Mbele ikienda sawa na nyuma, inatulia. Mbele na nyuma ikianza kubishana, inashika. Yako imeshika mpaka imeungua."

"Nini inafanya bibishane?" Kantengwa aliuliza kutoka kwenye debe lake.

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. Aliokota chaki, akainama kwenye kila tairi na kuchora mstari pale linapogusa ardhi, tairi kwa tairi, yote manne. Kisha akaita vijana wa gereji ya jirani wasaidie kusukuma, na gari likasukumwa polepole, sawasawa, kutoka mlangoni mpaka ukutani.

"Njoo, nyabo. Wewe mwenyewe angalia."

Kantengwa alilizunguka gari. Mistari yote ilikuwa imeanza chini, pamoja. Sasa ule wa mbele kulia ulikuwa unatazama ukuta. Wa mbele kushoto umeanza kupanda. Wa nyuma mmoja ulikuwa juu kabisa, unatazama mbingu, na wa pili umeshapinduka unarudi chini. Hakuna mistari miwili iliyokuwa mahali pamoja.

"Hii ni refu, inatembea taratibu. Hii ni fupi, inakimbia sana," fundi alisema akiyapapasa. "Gari ya kuvuta na miguu mbili ingevumilia. Hii hapana. Hizi tairi nani alichagua?"

"Ni za kupewa."

"Eeeh! Mama, viatu vya kupewa, kila mguu na yake!" Vijana wa jirani walicheka. Muhire alitazama chini.

"Mupira mubaya ni gani?" aliuliza.

"Mbaya hakuna. Kila moja ni mzima, inaweza tembea mpaka Kampala. Pamoja ndiyo mbaya."

Kantengwa angependa sana fundi yule anyooshe kidole. Tairi bovu mtu hulitoa na aliyekupa akakuelewa. Aliuliza kama gari laweza kwenda bila ile propela, na fundi akasema laweza, likivuta na mbele tu, lakini akamgeukia Muhire: "Na huko kwenu Juru, mvua ikinyesha, itapanda?" Muhire alifyonya. Hata fundi wa mji alijua jibu. Watu walilipanda gari lile kwa sababu lilipanda matope wakati mengine yamelala bondeni.

"Basi chagua tairi moja tu," Tumuhairwe alisema. "Mimi nitatafuta tatu kama hiyo, na ile kitu ya katikati nitapata iliyotumika. Lakini ukifunga hiyo kitu juu ya tairi hizi, usirudi kwangu kulia. Itaungua tena."

Chagua moja. Alilisema kama mtu anayechagua nyanya.

Walirudi kambini juu ya lori la mahindi, gari likabaki kwa fundi. Irakiza alikuwa amepika ugali na sombe ya majani ya muhogo. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, mikono ndani ya beseni la vyombo.

"Bakisha ya Muzee Mutware," alisema. "Yeye ndiye mukubwa."

"Na Sidonie atapokea bageni bako na roho gani?"

"Basi bakisha ya Sidonie. Ni mupya."

"Na Mutware atakusemea na kinywa gani?"

Irakiza alirudia kusugua sufuria. Alijua, kama kila mtu wa kwao alivyojua. Mjane yule aliponunua gari lilikuja limesimama juu ya ringi zake, bila tairi la maana hata moja. Watu wake hawakuzoea kumtia mtu noti mkononi na kuondoka. Walizoea kutoa kitu chenye miguu. Kwao mlimani, kabla ya kukimbia, mtu akikupenda alikupa ng'ombe, na ng'ombe yule hakuwa nyama wala maziwa tu. Alikuwa neno kati ya nyumba mbili, na hatoki zizini mwako kabla aliyekupa hajasikia. Kambini ng'ombe walikuwa wachache. Ndipo Mutware akaleta tairi. Alikwenda mwenyewe mpaka Mbarara akachagua lililo refu, lenye meno, kwa sababu yeye ni mkubwa na tairi lake lisingekuwa dogo. Sidonie, mfanyabiashara wa vitenge, alileta jipya linalong'aa. Uwizeye alileta lililokwisha kutembea, kwa sababu ndilo aliloliweza. La nne Kantengwa alilitafuta mwenyewe. Mchungaji aliyaombea yote manne. Hakuna aliyekumbuka kuuliza saizi. Nani huuliza saizi ya ng'ombe?

Kantengwa hakula vizuri. Aliwaza kumdanganya kila mmoja, aseme tairi limepasuka. Lakini Juru nzima ilikuwa imeyaona. Aliwaza kubakisha moja. Kila alipobakisha moja alimwona mwenye lile jingine akipita nje ya kanisa bila kusalimu. Mwishowe aliona njia moja tu isiyompendelea mtu: ayatoe yote, na la kwake pia, amrudishie kila mtu kitu chake kwa mikono miwili na shukrani. Hivyo hakuna atakayekuwa amechaguliwa, na hakuna atakayekuwa amekataliwa. Hivyo ndivyo alivyoona.

Kwanza alikwenda kuwaambia, kama desturi.

Mutware alikuwa uani anapukuchua mahindi na wageni wawili. Kantengwa alitaka kusema naye kando. Mzee alisema hana siri na watu wake, aseme.

Akasema. Alieleza chaki, na sahani za chuma, na mbele kubishana na nyuma. Alisikia maneno yake yakiwa mepesi, kama ya mtu anayesimulia ndoto.

"Yangu iko mubaya?" Mutware aliuliza.

"Hapana, Muzee. Yote iko muzima. Pamoja ndiyo inagombana."

"Mimi na Sidonie tunagombana?"

"Mipira, Muzee."

"Mipira haina kinywa." Wageni walicheka. Mutware hakucheka. "Toa ya Uwizeye. Ile ilishazeeka, kila mutu anajua."

"Siwezi kutoa ya mumoja."

"Unaweza kutoa ya batatu?"

Mzee aliweka gunzi chini taratibu. "Mama Irakiza, nikikupatia ng'ombe, maziwa yake ikatae kuchangana na ya ingine mu kisabo ya kusukia, utanirudishia ng'ombe yangu?"

"Hapana, Muzee."

"Ah." Akachukua gunzi jingine. "Basi unajua."

Kwa Sidonie mambo yalikwenda haraka. Sidonie alikuwa anapanga vitenge mezani, na aliendelea kuvipanga. Alisema la kwake ni jipya na kila mwenye macho angelibakisha hilo. Kantengwa alipojaribu kueleza, alimkata: "Sema tu ukweli, mama. Unataka gari ya weye peke yako. Mutu akishashiba anatemea mukono uliomulisha. Tunaona mingi humu kambini."

"Sidonie, ni fundi..."

"Fundi ndiye alikupatia mupira?"

Uwizeye alimkalisha kwenye kiti chake kimoja, akamwita mkewe alete maziwa. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alitabasamu kwa adabu, tabasamu lile la mtu anayemfungulia mwingine mlango atoke.

"Nilijua," alisema. "Yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuzeeka. Usipate haya juu yangu, dada. Ilikula barabara ya kutosha."

"Si ya kwako, Uwizeye. Nakuapia. Ni yote."

"Ndiyo, ndiyo. Kunywa maziwa."

Alikunywa. Yalikuwa matamu, na hakuna matusi ya siku ile yaliyomkata kama maziwa yale. Alipoaga, Uwizeye alimsindikiza mpaka njiani, ila hakumwita dada tena.

Aliuza mtamba wake mmoja, akamlipa fundi kwa matairi manne yanayolingana. Muhire alirudi Juru na gari lililokata kona kama kisu kwenye siagi, na nyuma yake, juu ya magunia, matairi matatu ya watu. Kantengwa aliyaosha kwanza. Akayapeleka kila nyumba kwa mikono miwili. Mutware hakutoka, mkewe alisema walitegemeze pale kwenye uzio. Jumapili iliyofuata lilikuwa bado pale, kila aendaye kanisani aweze kuliona. La Sidonie liliuzwa kesho yake kwa mtu wa Kabingo. La Uwizeye watoto wake walilichezea.

Katika kwaya, Sidonie alihama kutoka ubavuni mwake. Hakuna aliyemtukana. Alisalimiwa na wote, kama anavyosalimiwa mgeni.

Maharage yalivunwa. Siku ilifika.

Muhire alikwenda Kakiika, akawaleta wazee wa Yonatani kwa safari mbili, na wote walishuka wakilisifu gari: limepanda vilima bila kupumua, lina mwendo wa kitanda. Kantengwa alishukuru. Alikuwa ametandika uani mabenchi mawili yanayotazamana, kama inavyopasa, moja la wenye kuomba na moja la wenye kuombwa. La kwanza lilijaa, wengine wakasimama. Kwenye la pili alikaa Muhire peke yake, ndani ya koti la kuazima, akijifuta mikono magotini. Kijana asiyeoa hawezi kusema mbele ya wazee. Alikuwa pale kama alama ya kushika nafasi.

Watu walikuwa wametumwa. Kwa Mutware walijibiwa kwamba mzee amekwenda Kabingo. Sidonie alikuwa anaumwa kichwa. Uwizeye alituma salamu na kuku mmoja, akasema hawezi kukaa mahali ambapo wakubwa wake hawakukaa.

Wageni walingoja. Waliongea habari za mvua, kisha habari za malisho, kisha habari zikaisha. Msemaji wao, mzee Semahoro, mwenye fimbo nyeusi na sauti nzuri, alilitazama lile benchi, akautazama mlango wa jikoni alikosimama Kantengwa. Alielewa.

"Mama," alisema kwa upole, "siye tulikuya kuomba. Tutaomba nani? Mbao?"

Walicheka, kicheko cha kumsaidia.

"Anselme. Pacifique. Muvuke kule. Leo muko ba huyu mama."

Wazee wawili wa upande wa bwana arusi walibeba viti vyao, wakavuka ua, wakakaa kushoto na kulia kwa Muhire. Anselme, mfupi mwenye kofia, aliikamata kazi ile kwa moyo wote. Aligonga fimbo chini, akakunja uso kama mwenye ua aliyeingiliwa.

"Ni bani hawa banaingia mu lupango lwetu bila hodi?"

"Ni siye, batu ba amani," Semahoro alijibu, na mambo yakaanza.

Anselme alisema vizuri. Aliwakemea ndugu zake kwa kuchelewa. Alikataa ng'ombe waliotajwa, akasema binti wetu tumemlea kwa maziwa na maombi, hatoki kwa ndama wa kukohoa. Watu walishika mbavu. Pacifique alinong'ona sikioni mwake kama mjomba wa kweli. Wanawake wa Kakiika walipiga vigelegele pande zote mbili, kwa kuwa wa upande huu hawakuwapo. Irakiza, ndani, alikuwa anasikia yote; hata yeye alicheka, akajiziba mdomo.

Ikafika pa kumtoa binti. Hapo msemaji hutaja majina: baba wa msichana, na baba wa baba, mpaka anapoweza kukumbuka, ili wale waliolala wajue mtoto wao anakwenda wapi. Anselme alisimama, akavua kofia, akafungua kinywa, akakifunga. Aligeuka kuelekea jikoni.

"Mama," aliuliza polepole, "ni mutoto wa nani?"

Kantengwa alitoka mpaka nyuma ya kiti chake. Mwanamke hatangazi majina yale uani. Aliinama, akamnong'oneza la mumewe. Ndahinda. Anselme akalipaza: "Ndahinda!" Akamnong'oneza la baba mkwe, na mzee akalipaza, na la aliyemzaa huyo, na la mwingine. Majina aliyoyabeba kutoka mlimani, ambayo hakuwahi kuyatamka kwa sauti hata akiwa peke yake, yalipita masikioni mwa mtu asiyeyajua na kutokea kinywani mwake yakiwa makubwa, na watu wakajibu kila moja: "Eee!"

"Tumemutoa," Anselme alisema.

Makofi yalipigwa. Semahoro alishukuru, akaomba. Kisha Kantengwa na binti mmoja wa jirani walianza kutoa chakula, na kwa desturi wageni huandaliwa kwanza, pamoja, upande wao. Anselme na Pacifique walivuta harufu ya nyama, wakatazamana. Walimpa Muhire mkono, wakamwambia amekaa vizuri. Halafu waliinua viti vyao, wakavuka ua kurudi kwa watu wao, wakiwa tayari wanacheka jambo jingine.

Kantengwa alikuwa amekwisha kutoka jikoni na sinia la wazee wa nyumba, lenye wali na kipande cha heshima juu yake. Alisimama katikati ya ua, mvuke ukimpanda usoni, akiangalia ni upande gani aliweke.